Kiti cha Bodi na Umri wa Kasa

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida hupita bila mjadala, nalo ni pale shirika la kulinda kasa linapotangaza wajumbe wapya wa bodi. Tangazo lenyewe mnalifahamu. Lina picha, majina na vyeo: huyu alikuwa meneja wa benki, huyu ni wakili, yule ana hoteli ufukweni, yule mwingine anafundisha sayansi ya bahari chuo kikuu. Watu hupongeza, kisha shughuli zikaendelea. Kwa maoni yangu tangazo la namna hiyo lastahili kuulizwa maswali mengi kuliko taarifa nyingine yoyote ya shirika. Mnyama anayelindwa hapa anaishi muda mrefu mno kuliko muhula wa mjumbe yeyote, na jambo hilo moja linabadilisha kazi nzima ya bodi.

Tumtazame kwanza kasa mwenyewe. Dunia ina aina saba za kasa wa baharini, na tano huonekana katika maji yetu: kasa wa kijani ambaye ndiye wa kawaida zaidi, ng'amba ambaye uzuri wa gamba lake ndio uliomponza, duvi, noa na kigome. Kasa wa kijani jike hupanda ufukweni usiku, huchimba, hutaga mayai mia moja na kidogo, hufukia, akarudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi vitoto hutoka mchangani na kukimbilia maji. Wengi mno huliwa au hufa. Wale wachache wanaosalimika hukaa baharini miaka 25, 30, wakati mwingine zaidi, ndipo majike hurudi kutaga katika eneo walikozaliwa. Sasa iwekeni hesabu hiyo kando ya katiba ya shirika. Mradi wa mfadhili mara nyingi ni wa miaka miwili au mitatu, na muhula wa mjumbe haupishani sana na huo. Kitoto kilichoingia majini siku mjumbe alipokaribishwa kitakuwa hakijataga hata yai moja siku anapoagwa. Kitakuwa hakijataga siku anapoagwa aliyepokea kiti chake, wala siku anapoagwa wa tatu. Kila anayeingia kwenye bodi hiyo anakabidhiwa kazi iliyoanzishwa na wengine, na ataiacha kabla haijatoa jibu.

Kwa hiyo nasema mjumbe mpya apimwe kwanza kwa swali hili: je, yuko tayari kuilinda kazi ndefu isiyopigiwa makofi? Kazi hiyo ina pande mbili. Upande mmoja ni kuhesabu viota mwaka baada ya mwaka bila kukatiza. Upande wa pili ni kwenda baharini, kwenye nyavu, ambako kasa wakubwa hufia. Jina lake kubwa, fedha zake na marafiki zake vifuate nyuma ya swali hilo. Nasema hivi nikiwa na ushahidi, na ushahidi mzuri wa kuanzia unatoka mbali kidogo, katika ufukwe wa Tortuguero nchini Costa Rica.

Mwaka 1956 mwanabiolojia wa Marekani, Archie Carr, alichapisha kitabu kiitwacho The Windward Road, akieleza jinsi kasa wa kijani wa Karibi walivyokuwa wakimalizwa. Kitabu kikamfikia mfanyabiashara wa New York, Joshua Powers, naye akawagawia rafiki zake nakala. Marafiki hao wakaunda kikundi, wakakiita Udugu wa Kasa wa Kijani, na mwaka 1959 kikawa shirika rasmi, lile ambalo siku hizi linaitwa Sea Turtle Conservancy. Katika miaka yake ya mwanzo shirika hilo lilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuvutia macho: vitoto vya kasa na mayai vilichukuliwa Tortuguero na kusafirishwa kwa ndege za jeshi la majini la Marekani hadi fukwe nyingine za Karibi, ili kasa waanze kutaga upya huko walikotoweka. Ya pili ilikuwa kutembea mchangani usiku, kuwafunga kasa vibati vya namba na kuandika daftarini. Ile ya ndege haikuzaa makundi mapya yaliyotarajiwa. Ile ya daftari imedumu hadi leo. Ndiyo iliyowawezesha watafiti kuonyesha kwamba utagaji wa Tortuguero, ufukwe uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1975, uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 400 kati ya 1971 na 2003. Tena ni daftari hilohilo lililotoa habari mbaya: mwaka 2023 watafiti waliripoti kwamba idadi imeanza kushuka tena. Shirika lililokwisha kutangaza ushindi na kufunga daftari lingeendelea kusherehekea wakati kasa wanapungua.

Katika bahari yetu kuna mifano miwili inayopaswa kuwekwa mezani mwa kila bodi. Wa kwanza ni Aldabra, kisiwa cha Shelisheli kilicho mashariki ya pwani yetu. Kasa wa huko walichinjwa kwa miongo mingi mpaka walipolindwa mwaka 1968. Wakati huo viota vilikadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 3,000 kwa mwaka. Nusu karne baadaye makadirio yamevuka 15,000. Tangu 1979 kisiwa hicho kimekuwa mikononi mwa Wakfu wa Visiwa vya Shelisheli, ambao una bodi yake ya wadhamini. Wajumbe wameingia na kutoka, lakini kuhesabu hakukusimama. Mfano wa pili ni Masirah, kisiwa cha Oman, mojawapo ya fukwe kubwa kabisa za duvi duniani, ambako katika miaka ya 1970 majike yalikadiriwa kufikia 30,000. Mwaka 2020 watafiti walichapisha kwamba idadi yao imeshuka kwa kiasi cha asilimia 79 katika miongo miwili. Wala ufukwe huo haujawa mtupu. Duvi bado hupanda kwa maelfu, na mtu aliyefika kwa mara ya kwanza angeapa kwamba hapa hakuna tatizo. Macho hayawezi kuona upungufu unaotokea polepole katika kundi kubwa. Unaonekana kwenye karatasi tu, na karatasi hiyo inahitaji kulindwa na watu wenye mamlaka ya kugawa bajeti.

Naja sasa kwenye upande wa pili, wa nyavu, ambao naona ndio unaosahaulika zaidi. Kuachia vitoto vya kasa jua likizama ni tukio zuri, na sina neno baya dhidi yake. Watoto wa shule hufurahi, wageni hupiga picha, mfadhili hupata cha kuonyesha. Lakini mwaka 1987 wanasayansi watatu wa Marekani, Crouse, Crowder na Caswell, walifanya hesabu za kundi la duvi wa nchi yao, nazo zikaonyesha jambo zito. Hata kama kila yai lingelindwa na kila kitoto kikaanguliwa salama, kundi lile lingeendelea kupungua, maana waliokuwa wakifa ndio wale waliokwisha kukua, waliobakiza miaka michache wafike umri wa kutaga. Wengi wao walizama katika nyavu za kukokota kamba. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilitoa kanuni za kuweka kwenye nyavu hizo kifaa kinachompa kasa mlango wa kutokea. Tazameni pia kasa wa Kemp katika Ghuba ya Mexico. Filamu iliyopigwa mwaka 1947 ilionyesha majike yanayokadiriwa kuwa 40,000 yakitaga siku moja kwenye ufukwe mmoja. Mexico ilianza kuulinda ufukwe huo mwaka 1966, kwa askari na kwa bidii ya kweli, lakini kufikia 1985 viota vya mwaka mzima vilikuwa vimebaki kama 700. Ulinzi wa ufukwe ulipounganishwa na mabadiliko baharini, hesabu ikaanza kupanda, na mwaka 2009 vilifika zaidi ya 20,000. Baada ya hapo kasi yake ilikatika, kwa hiyo hata huko hakuna aliyemaliza kazi.

Kwetu mambo yanafanana ingawa nyavu ni tofauti. Jarife, ule wavu wa macho makubwa unaotegwa kwa papa na taa, humnasa kasa naye asiweze kupanda juu kuvuta pumzi. Mvuvi hakumkusudia, na mara nyingi kasa huyo humchania wavu uliomgharimu fedha nyingi. Hapo ndipo shirika linapimwa. Watamu, Kenya, kazi iliyoanza mwaka 1997 imejengwa juu ya ukweli huo: mvuvi aliyenasa kasa akiwa hai hupiga simu, wahusika huja, humpa fidia ndogo ya usumbufu, humpima kasa na kumwekea alama, kisha humwachia. Maelfu mengi ya kasa wamerudi majini kwa njia hiyo. Kwa upande wa Tanzania, Sea Sense, shirika ambalo kazi yake ilianzia Mafia mwaka 2001, limekuwa likimlipa mwanakijiji anayegundua kiota na kutoa taarifa, na malipo yanaongezeka vitoto vikitoka salama. Huko Juani wageni hulipa kutazama vitoto vikitoka, na sehemu ya fedha hubaki kijijini. Ni mipango mizuri. Walakini yote inategemea kitu ambacho mfadhili hachoki kukikata: fedha ndogo ndogo, za kila msimu, bila kukosa hata msimu mmoja. Mvuvi aliyepiga simu mara tatu bila kujibiwa hatapiga mara ya nne. Bodi isiyolijua hilo itapunguza bajeti ya simu na mafuta ya boti ili ichapishe kalenda nzuri.

Hapa hoja ya nani akalie kiti inajileta yenyewe. Watu wa pwani hii wamemjua kasa tangu zamani. Kitabu cha safari cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja magamba ya kasa yakinunuliwa kwenye bandari zetu, na wavuvi wetu walikuwa na ufundi wa kumvua kasa kwa chazo, yule samaki anayejigandisha, akafungwa kamba mkiani na kutumwa. Ujuzi wa namna hiyo, wa mikondo, wa majani ya baharini wanayokula kasa, wa siku gani jarife hutegwa na wapi, hauko kwenye wasifu wa mtu wala haupatikani kwa semina ya siku mbili. Kwa hiyo bodi ya kasa isiyo na mvuvi wala mama wa ufukweni inaamua mambo ya baharini ikiwa imeziba macho.

Kuna watakaonipinga, nao wana hoja. Watasema: shirika haliendeshwi kwa daftari, huendeshwa kwa fedha, na fedha huletwa na wenye majina. Ni kweli. Hata nilipotaja Tortuguero nimesema waanzilishi walikuwa marafiki wa mfanyabiashara, watu ambao si wataalamu wa kasa. Simkatai mwenye fedha. Nakataa fedha ziwe ndiyo sifa inayomsamehe mtu asiulizwe kitu kingine. Mjumbe mwenye uwezo wa kuchangisha anafaa sana ikiwa atauzungumza ukweli mbele ya wachangiaji, awaambie kwamba fedha yao itanunua mafuta ya boti na mishahara ya walinzi wa viota, na kwamba matokeo yatapimwa na watoto wao. Anayeahidi matokeo ya haraka huliingiza shirika katika deni la ahadi, na deni hilo hulipwa kwa kutafuta tamasha jingine la vitoto.

Wengine watauliza: mvuvi anayetega jarife atakaaje kwenye bodi ya kulinda kasa? Si mgongano wa maslahi huo? Naam, ni mgongano. Lakini mwenye hoteli naye anao, kwa kuwa taa za hoteli usiku hupoteza vitoto vya kasa, vikaelekea nchi kavu badala ya baharini, na ukuta anaojenga kuzuia mawimbi unaweza kumfungia jike njia ya kupanda. Sijasikia akikataliwa kwa sababu hiyo. Mtafiti pia ana maslahi katika mradi utakaolipia utafiti wake. Dawa ni ileile kwa wote: mjumbe atangaze maslahi yake, yaandikwe, na suala linalomgusa likifika atoke ukumbini. Kumbana mvuvi peke yake ni kuonyesha kwamba tunamtilia shaka kwa hali yake, si kwa maslahi yake.

Tena isiwe mvuvi mmoja wa kupambia picha. Mtu akialikwa kwenye kikao cha mjini, akapewa kabrasha la kurasa sitini za Kiingereza asubuhi ya siku yenyewe, huyo hajakaribishwa. Makabrasha yaandikwe kwa Kiswahili na yafike mapema. Nauli na posho vilingane na kipato alichokiacha. Na kalenda ya vikao ifuate maji: bamvua ndiyo siku za akina mama wa pweza kushuka mwambani, kwa hiyo kikao kikipangwa bamvua, kiti chao kitakuwa wazi na muhtasari utaandika kwamba wametoa udhuru. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, hivi tunavyoviita BMU, vinaweza kupewa haki ya kumchagua mjumbe wao wenyewe, badala ya mkurugenzi kuchagua mvuvi anayemfahamu na asiyembishia.

Pingamizi gumu kuliko yote kwangu ni hili la tatu. Ukisifu kumbukumbu na mwendelezo, je, hufungui mlango kwa wale wanaong'ang'ania viti miaka ishirini kwa madai kwamba wao ndio wanaoijua kazi? Mashirika mengi yamedhoofika kwa njia hiyo, mwanzilishi akageuka mmiliki. Kwa hiyo sitetei watu kukaa sana. Natetea kupishana. Mihula iwe na kikomo, lakini isiishe yote mwaka mmoja. Theluthi moja waondoke, wawili wa kila watatu wabaki, na anayeondoka amkabidhi anayeingia kwa maandishi. Kumbukumbu iwe mali ya shirika, isibaki kichwani mwa mtu wala kwenye kompyuta ya mtafiti aliyemaliza shahada yake na kurudi kwao. Mtu asiyeachilia data ni sawa na mtu asiyeachilia kiti, na bodi ina haki ya kuwabana wote wawili.

Kuna mambo mawili yanayofanya nisiweze kulitazama suala hili kwa utulivu. La kwanza ni Pemba. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa hospitalini. Kabla ya hapo, mwaka 2021, watu saba walikuwa wamekufa Pemba kwa sababu hiyohiyo. Nyama ya baadhi ya kasa huwa na sumu, kupika hakuiondoi, na watoto ndio huathirika zaidi. Onyo la jambo kama hili haliwezi kuwa kampeni ya mradi mmoja. Lazima lirudiwe msimu kwa msimu, nyumba kwa nyumba, na watu wanaoaminika katika nyumba hizo, mwaka wa kwanza baada ya msiba na mwaka wa kumi pia, wakati waandishi wa habari wameshasahau. Shirika lenye mama wa kisiwani kwenye bodi lina mtu wa kulikumbusha.

La pili ni joto. Kwa kasa, mchanga ndio unaoamua jinsia: ukiwa na joto zaidi, yai hutoa jike. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa kwamba kati ya kasa wadogo wanaotoka fukwe za kaskazini mwa tumbawe kuu la Australia, zaidi ya 99 katika kila 100 ni majike. Fukwe zetu nazo zinabadilika. Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa kisiwa chenye miti na kasa wa aina tatu walitaga pale. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na viota vya kasa wanaoendelea kwenda huko imebidi vihamishiwe bara visizame. Shirika lisilopima joto la mchanga leo halitajua, baada ya miaka thelathini, kwa nini fukwe zimejaa vitoto lakini mayai hayarutubishwi. Kipimajoto cha kufukia mchangani hakina gharama kubwa. Kinachokosekana ni mtu wa kukisoma kila mwaka, na wa kuidhinisha malipo yake hata mwaka ambao hakuna mfadhili.

Basi wajumbe wapya, wale walioteuliwa juzi na watakaoteuliwa, nina ombi juu ya mwezi wao wa kwanza. Waende dikoni alfajiri nyavu zinaporudi, kabla hawajaalikwa kuachia vitoto. Waombe kuona daftari la viota la mwaka wa kwanza kabisa wa shirika, na waulize nakala yake nyingine imewekwa wapi. Waulize bajeti ina fedha za misimu mingapi ya kujibu simu za wavuvi endapo mfadhili atajitoa kesho. Majibu wanayopewa yaingie kwenye muhtasari, na muhtasari huo usomwe kwa Kiswahili mbele ya wavuvi kabla msimu wa kutaga haujakolea.